Usipandishe toleo kabla ya harusi kwisha

HEBU nenda ukafungue droo ya kabati iliyo chini ya televisheni yako. Kama wewe ni miongoni mwetu tulioacha mashamba ya wazee tukaja kutafuta riziki mjini, humo hutakosa kanda moja ya VHS isiyo na mashine ya kuichezesha, DVD mbili tatu zilizokwaruzika na flashi iliyoandikwa kwa kalamu "Harusi" au "Mazishi ya Babu". Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyekesha akazikata saa sita za vumbi, hotuba na vigelegele hadi zikawa saa moja na nusu inayotazamika?

Huenda unadhani ilifanyiwa kazi katika studio kubwa jijini Nairobi. La hasha! Aghalabu kazi kama hizo hufanyiwa karibu na nyumbani, katika chumba kidogo chenye kompyuta moja, feni moja na pazia zito, nyuma ya duka la simu au kando ya kinu cha kusaga mahindi.

Mimi kwetu ni Likuyani. Kwa asiyepajua, ni kaskazini kabisa mwa Kaunti ya Kakamega, mahali ambapo kaunti hiyo inagusana na Trans Nzoia na Uasin Gishu. Hadi uchaguzi wa 2013 tulikuwa sehemu ya eneobunge la Lugari. Ni nchi ya mahindi, na mwezi wa Desemba magunia yakishaingia ghalani na watoto wakiwa likizoni, harusi hufuatana kama mabasi ya Krismasi katika barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Kila harusi ina kamera yake, na kila kamera ina mtu anayeisubiri kwenye kompyuta usiku.

Leo nataka tuzungumze juu ya huyo mtu wa kompyuta. Najua wengi wenu wanafunzi mnataka kuwa yeye. Nataka pia nikueleze kosa nililofanya mimi mwenyewe, maana lilikaribia kutunyima kitu ambacho pesa hazinunui.

Onyo nililolipuuza

Mwezi wa Aprili 2024 dada yangu mdogo aliolewa nyumbani. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kuhariri video miaka michache tu iliyotangulia na kichwa kikavimba, nilisema kazi hiyo haitapewa mtu mwingine. Fundi mmoja wa Matunda akapiga picha kwa kamera mbili, nami nikachukua diski kwenda nayo Nairobi niikate kwa starehe zangu.

Katika harusi hiyo nyanya yetu, aliyekuwa amevuka umri wa miaka tisini, alisimama akawabariki maharusi kwa dakika nne hivi. Sauti yake ilikuwa chini mno. Kamera zilinasa mngurumo wa jenereta kuliko maneno yake. Bahati njema yule fundi alikuwa amembandika kinasa-sauti kidogo kwenye shali, kwa hiyo maneno yalikuwapo, ila yalikuwa katika faili ya peke yake, mbali na picha.

Nilikata polepole, jioni baada ya kazi. Niliilinganisha sauti ya nyanya na midomo yake, nikaondoa mngurumo, nikapanga sura za waliokuwa wakimsikiliza. Kufikia Oktoba nilikuwa nimebakiza nusu ya kazi. Hapo ndipo kompyuta iliponiarifu kwamba programu niliyokuwa nikitumia imetoa toleo jipya, lenye chombo cha ajabu cha kusafisha sauti. (Sitaitaja programu yenyewe, kosa lilikuwa langu.) Nikabofya. Likatokea onyo: kazi zako zitageuzwa zifuate mtindo mpya, toleo la zamani halitaweza tena kuzifungua, tafadhali weka nakala kwanza. Nami nikafanya yale ambayo wewe pia hufanya ukiona maandishi marefu kwenye kioo. Nikabofya ndiyo.

Toleo jipya lilifunguka, lakini kompyuta yangu ya miaka saba haikuliweza. Kila nilipogusa kitufe cha kuchezesha, kioo kilikuwa cheusi kama usiku. Nikarudisha toleo la zamani. Nalo likaitazama kazi yangu ya miezi sita likasema haliijui. Nikaifunga kompyuta kwa hasira, nikajiambia nitashughulika nayo Krismasi.

Mwezi wa Novemba nyanya akafariki.

Waliowahi kufiwa huku kwetu wanajua mambo yanavyokwenda. Simu zinapigwa, kamati inaundwa, mchango unaanza, na mtu mmoja anakumbuka jambo. Safari hii shangazi ndiye aliyekumbuka. "Si wewe ndiye uliye na ile video ya baraka? Tutaionyesha usiku wa kuamkia mazishi." Nikasema sawa, shangazi. Ningesema nini?

Nilifika Matunda na diski mkobani, nikamkuta fundi wangu akinywa chai. Nilimweleza yote kwa aibu. Aliniuliza maswali mawili tu. "Picha ziko?" Nikamwambia ziko. "Sauti iko?" Iko. "Basi, ndugu yangu, hakuna kilichokufa ila orodha."

Orodha ni nini?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa hivyo soma taratibu. Unapohariri video katika programu yoyote ya kitaalamu, hukati picha zenyewe. Faili zilizotoka kwenye kamera hubaki vile vile zilivyokuwa. Kinachoandikwa ni maagizo: chukua faili ya 14, anza dakika ya pili, komea sekunde ya kumi, kisha leta faili ya 31, weka juu yake jina la bibi harusi. Maagizo hayo ndiyo yanayoitwa mradi. Ni kama karatasi ya kwenda sokoni. Ukiipoteza, sukumawiki bado iko sokoni, ila itakubidi ukumbuke upya ulichotaka kununua.

Basi fundi alifungua mradi mpya katika kompyuta yake. Hakuanza na picha. Alitafuta mahali ambapo wanawake walipiga vigelegele nyanya aliposimama. Vigelegele vile vilisikika kwenye kamera na vilisikika pia kwenye kinasa-sauti, na katika mchoro wa sauti vilichomoza kama miiba. Akasogeza mwiba wa huku ukakutana na mwiba wa kule. Basi! Midomo na maneno vikalingana. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kueleza hapa. Zilizobaki zilikuwa sura za wasikilizaji na mngurumo wa jenereta, na kufikia saa nane za usiku kazi ilikuwa tayari, kwa toleo la programu ambalo mimi nilikuwa nimelidharau kuwa limepitwa na wakati.

Usiku wa kuamkia mazishi shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Nyanya alipoanza kusema, hata watoto waliokuwa wakikimbizana nje ya hema walisimama.

Kutoka kanda hadi kompyuta

Fundi huyo alijifunza kazi katika siku za VHS, na nadhani hiyo ndiyo siri yake. Wakati ule hakukuwa na programu. Kulikuwa na mashine mbili za video zilizounganishwa kwa waya: moja ikicheza, nyingine ikirekodi. Ulichagua kipande, ukakinakili, ukasimamisha, ukatafuta kingine. Ukigundua mwishoni kwamba umesahau kuingia kwa bwana harusi, ulilazimika kurudia kila kilichofuata. Isitoshe, kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyotangulia, hivi kwamba nakala ya nakala ilimfanya bibi harusi aonekane kana kwamba amesimama nyuma ya mvuke wa sufuria. Mtu aliyefunzwa hivyo huamua kabla ya kukata.

Kompyuta ziliingia kazi hii ughaibuni mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Avid ilianza kuuza Media Composer mwaka wa 1989, na bei yake ilikuwa ya vituo vya televisheni na watengenezaji filamu. Adobe ikatoa Premiere mwaka wa 1991, iliyofanya kazi katika kompyuta za kawaida. Aliyeandika matoleo ya kwanza ya Premiere alikuwa Randy Ubillos, Mmarekani ambaye baadaye aliiacha Adobe, akatengeneza programu nyingine iliyonunuliwa na Apple na kutolewa mwaka wa 1999 kwa jina la Final Cut Pro. Kwa hivyo ukiwasikia vijana wakigombana ipi ni bora kati ya hizo mbili, waambie zilitoka kwa fundi mmoja.

Kisha ukaja mwaka wa 2011, ambao wahariri wa video duniani hawajausahau. Apple ilitoa Final Cut Pro X, iliyoandikwa upya toka msingi, na wakati huo huo ikaacha kuuza toleo la zamani. Kumbe mpya haikuweza kufungua miradi iliyofanywa kwa ile ya zamani! Kazi ya kuunganisha kamera nyingi kwa pamoja nayo haikuwamo. Ilirejeshwa Januari 2012. Watu waliokuwa na filamu nusunusu mezani walipiga kelele, wengine wakahamia Premiere, na Apple ikalazimika kurudisha mauzo ya toleo la zamani kwa muda. Niliposoma habari hiyo nilifarijika kidogo. Angalau si mimi peke yangu niliyenaswa.

Adobe nayo mwaka wa 2013 ilitangaza kwamba haitauza tena matoleo mapya ya kununua mara moja, bali utalipia kila mwezi au mwaka. CS6 ya 2012 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa mtindo wa kale. Ukiacha kulipa, programu haifanyi kazi, ingawa faili zako zinabaki. Kwa mtu wa Matunda ambaye Machi na Aprili hana harusi hata moja, hilo si jambo dogo.

Jifunze kukata kwanza

Wazazi huniuliza wamnunulie kijana programu gani. Mimi hujibu: kwa sasa, hakuna. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design imekuwa na toleo la bure tangu 2011, na toleo hilo linatosha kwa harusi, mazishi na hata filamu fupi. Lile la kulipia hulipwa mara moja, si kila mwezi. Kampuni hiyo hutoa pia vitabu vya mafunzo bila malipo pamoja na picha za kufanyia mazoezi. Kwa kompyuta dhaifu kuna Kdenlive na Shotcut, ambazo ni za bure kabisa. Na kama kijana wako anakata kwa simu, usimcheke. Huo ni mwanzo.

Nakusihi uepuke zile programu za wizi zinazouzwa kwenye flashi. Mbali na kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, wanaozivunja kufuli huzitia virusi, na virusi havichagui; vitakula harusi ya mtu mwingine iliyo kwenye diski hiyo hiyo.

Ukishapata programu, usianze na madoido. Najua inavutia kumwona bibi harusi akitokea ndani ya ua la waridi, lakini huo ni uchoshi wa miaka iliyopita. Chukua simu. Mpige picha mama akipika chapati: jiko zima, mikono ikikanda, uso wake, chapati ikigeuzwa, mtoto akionja. Vipande vitano. Sasa vipange viwe dakika moja, bila muziki, bila madoido yoyote. Kata wakati mkono unasogea, wala si wakati umetulia, uone jinsi jicho la mtazamaji linavyovuka bila kujikwaa. Rudia zoezi hilo kwa kinyozi, kwa fundi baiskeli, kwa mwalimu wa kwaya. Ukifanya hivyo mara ishirini utakuwa umejifunza zaidi ya anayekariri majina ya vitufe mwaka mzima.

Na vitufe vyenyewe si vingi. Katika Avid, Premiere, Final Cut na Resolve, herufi J hurudisha nyuma, K husimamisha, L hupeleka mbele. I huweka alama ya mwanzo wa kipande na O alama ya mwisho. Vidole vikishazizoea herufi hizo tano, unaweza kuhama programu moja hadi nyingine kama dereva anayebadilisha matatu.

Kuna mambo mawili madogo ambayo hakuna aliyeniambia, nami nakuambia wewe. Stima yetu Kenya ni ya hezi 50, kwa hivyo ukipiga picha ndani ya ukumbi weka kamera picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa zitapepesa katika video nzima. La pili, simu nyingi hubadilisha mwendo wa picha zenyewe zikiendelea kurekodi. Ndiyo maana mhubiri huanza vizuri na kufikia dakika ya ishirini midomo imeachana na maneno. Programu ya bure iitwayo HandBrake huweza kuigeuza faili hiyo iwe ya mwendo mmoja kabla hujaanza kukata.

Atakaye shule rasmi, Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, iliyoko South B, Nairobi, imekuwa ikifunza watu wa redio, televisheni na filamu tangu miaka ya sitini. Mwanafunzi wa chuo anayerudi Likuyani likizoni afanye jambo moja kabla ya kupanda basi: apakue programu na vitabu vyake chuoni. Resolve peke yake ni zaidi ya gigabaiti 2, na bando la simu litakulilia.

Siku ya kupandisha toleo

Sasa turudi kwenye dhambi yangu. Toleo jipya si baya. Mengine huja na mambo ya maana, na kamera mpya wakati mwingine hutoa faili ambazo programu ya zamani haizisomi. Lakini chagua siku. Siku hiyo ni ile ambayo hakuna kazi ya mtu mezani, wala haitakuwapo kwa wiki mbili hivi. Kwetu Likuyani hiyo ni Februari au Machi, watu wakilima. Mtu anayepandisha toleo Desemba anatafuta maneno.

Siku ikifika, kwanza toa nakala ya miradi yote. Hapa Resolve huwadanganya wengi: kwa kawaida haiweki mradi kwenye folda pamoja na picha, bali huuhifadhi katika maktaba yake ya ndani. Mtu hubeba folda ya picha hadi kompyuta nyingine akidhani amebeba kila kitu, kumbe orodha imebaki nyumbani. Ni lazima uutoe mradi uwe faili ya peke yake. Toa pia orodha ya mikato kwa mtindo wa XML, ambao programu nyingi huusoma. Majina, rangi na madoido huweza kupotea njiani, lakini mikato yako itafika. Laiti ningalijua hilo mwezi wa Oktoba!

Kisha weka pembeni ile faili ya kusakinisha toleo la zamani, usije ukaitafuta usiku wa manane. Soma toleo jipya linataka kompyuta ya aina gani. Resolve huomba memori ya gigabaiti 16. Adobe hushauri 16 kwa video ya HD na 32 kwa 4K. Hata ukiwa nazo, kadi ya picha iliyochoka itakuangusha kama ilivyoniangusha mimi. Programu nyingine hukubali matoleo mawili yakae katika kompyuta moja, nyingine mpya huifukuza ya kale. Na usifungue kazi halisi kwanza. Fungua nakala yake, uicheze, uitoe, uitazame hadi mwisho.

Diski nazo ziwe mbili, na moja isilale katika nyumba moja na mwenziwe. Piga hesabu nami. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, saa sita za harusi, ni gigabaiti 540. Fundi asiye na diski za kutosha hufuta harusi ya Agosti ili aweke ya Desemba. Kwa hivyo wewe mteja wa mjini, unapolipia video, peleka diski yako na uombe upewe picha zote zilizopigwa, si ile iliyokatwa tu. Hilo ndilo lililotuokoa sisi.

Kama kompyuta ni dhaifu na toleo jipya ni zito, usikimbilie kununua nyingine. Programu zote nilizotaja hapo juu huweza kutengeneza nakala ndogo ndogo za picha, ukakatia hizo, kisha wakati wa kutoa kazi ya mwisho zikarudishwa zile kubwa. Fundi wa Matunda hufanya hivyo kila siku, na mwenyeji wa harusi hajui wala hana haja ya kujua.

Harusi ya dada yangu, kwa taarifa yako, haijakamilika. Imebaki sehemu ya keki na ile hotuba ndefu ya mjomba. Dada huniuliza kila tukikutana. Wiki iliyopita kompyuta imeniarifu tena kwamba kuna toleo jipya. Nimebofya "Baadaye".